Mstari Mmoja wa Chaki

Ubao wa idara ya maji ulikuwa na sifa mbaya kuliko mlevi yeyote wa mtaa. Ulipigiliwa kwenye ukuta wa ofisi upande wa barabarani, mweusi, mpana kama mlango wa ghala, na kwa miaka na miaka kilichoandikwa pale watu walikisoma kinyume. Ukisema maji yatatoka Jumanne, basi Jumanne ilikuwa siku ya kwenda kusalimia ndugu wa mbali, maana nyumbani hapakuwa na hata ya kunawa uso. Ukisema wananchi wasiwe na wasiwasi, kina mama walianza kuwahesabu watoto wao. Kinyozi mwenye kibanda ng'ambo ya barabara alikuwa akiwaambia wateja, "Mimi nausoma kila asubuhi, nijue lipi si kweli." Watu walicheka, lakini jamani, kilikuwa kicheko cha watu waliochoka.

Aliyeandika pale alikuwa karani mmoja mwanamke, mrefu, mpole, vidole vimemjaa unga mweupe siku zote, na mji mzima ulimwita Bi Chaki. Hakuwa mwongo, tusimwonee. Sera ya baraza la mji wakati ule ndiyo ilikuwa hiyo: wananchi wasitiwe hofu. Bomba likipasuka, andika matengenezo madogo. Tangi likikauka, andika presha imepungua kidogo. Aliletewa maneno kwenye karatasi, akayanakili, jioni akayafuta, kesho yake akanakili mengine. Akienda sokoni alipitia vichochoroni, asije akakutana na mtu aliyeamini.

Ndipo akaletwa mkuu mpya wa idara, mtu mfupi mwenye vioo vinene usoni, wakambatiza Miwani siku hiyo hiyo. Mji ule haukuwa na ubahili wa majina. Miwani alikwenda kwenye vikao vya madiwani mara saba akiwa na ukurasa mmoja mkononi. Mara sita walimrudisha. Mara ya saba, sijui waliguswa, sijui walichoka kumwona, wakaupitisha. Ulisema kwamba kila asubuhi saa moja kamili ubao uandikwe kinachojulikana, na kisichojulikana kiandikwe kwamba hakijulikani. Halafu chini kabisa kulikuwa na sentensi iliyowafanya makarani washike vichwa. Kosa likionekana ubaoni, lisifutwe. Lipigwe mstari mmoja, maneno yabaki yanasomeka chini ya mstari, yakae siku saba, na pembeni pawe na jina la aliyeandika.

"Mzee, tutaaibika," Bi Chaki alimwambia.

"Tumeshaaibika," Miwani akajibu. "Angalau sasa tuaibike kwa faida."

Wiki ya kwanza mistari ilikuwa kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Watu walifunga safari kuja kuuona ubao, wakaupiga picha kwa simu, wakashika mbavu. Kinyozi alifungua dirisha lake akawa anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Na leo tena Bi Chaki kafungwa mawili bila!" Bi Chaki alirudi nyumbani analia. Wewe ungependa jina lako lianikwe juani wiki nzima, limekaa jirani na upuuzi wako?

Lakini mtu akijua kosa lake halitafutwa, hunyanyua simu kwanza. Ndivyo alivyoanza. Kabla ya kugusa chaki alimpigia mlinzi wa tangi, akampigia fundi wa vali, akachungulia kwa mpimaji wa maabara. Nao wakaacha kumjibu ovyo ovyo, maana alikuwa akiwafuata hadi kazini na kuwauliza mbele ya wenzao kwa nini wamemlisha uongo. Mistari ikapungua ikawa mitano, ikawa miwili, na mwaka wa pili ikapita wiki nzima bila hata mmoja. Kinyozi alikosa la kusoma, akanuna.

Kulikuwa na dobi mmoja, mama mnene, ulimi wembe, ambaye kwa miaka hiyo yote hakuwahi kupita pale bila kutukana. Asubuhi moja alisimama na beseni lake kiunoni, akasoma: Mtaa wa chini, hatujui. Bi Chaki alijikunyata akingoja mvua ya matusi. Dobi akasema, "Haya, basi leo sifui," akaenda zake. Basi! Bi Chaki alibaki na chaki mkononi, mwili umemsisimka. Serikali imemwambia mtu "hatujui", na mtu kaondoka ameridhika! Aliingia ndani kumsimulia Miwani, na Miwani alivua vile vioo vyake akavipangusa muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Ikapita miaka sita. Mwalimu mkuu alipanga mitihani kwa kufuata ubao ule, mafundi ujenzi walipanga siku za zege, na watu waliokuwa wakikaa mbali walipigiwa simu na jirani: ubao umesemaje leo? Miwani alihamishwa akaenda kusumbua madiwani wa mji mwingine, nafasi yake akaikaimu msaidizi wake, kijana wa tai, mchapakazi, mwoga kidogo. Sheria ya ubao ilibaki.

Mwaka huo kiangazi kilikuja na ukatili. Mgao wa maji ukafika mahali kila mtaa unapata saa mbili tu, mara moja kwa siku tano. Watu walilala wamepanga ndoo chini ya bomba. Maji yakitoka, nyumba nzima ilikimbizana: mapipa, madumu, masufuria, hadi vikombe vya chai. Kwa miezi mitano kila asubuhi mpimaji alidumbukiza kikaratasi kwenye kisanduku cha mbao chini ya dirisha, na kwa miezi mitano kikaratasi kilisema neno lile lile: salama.

Siku yenyewe ilikuwa zamu ya mtaa wa juu, nyumba elfu nne, na mmojawapo wa wakazi wake alikuwa mama mzazi wa Bi Chaki. Maji yalifunguliwa saa kumi na mbili. Saa moja kasoro dakika tano Bi Chaki alifungua kisanduku akakikuta kitupu. Akasema moyoni, mpimaji kachelewa, atakuja sasa hivi. Akaenda ubaoni aanze na mambo mengine, akaandika tarehe, akaandika mtaa, akaandika "Maji ya leo", na mkono, mkono uliozoea, ukamalizia wenyewe: "yamepimwa, ni salama." Akapangusa vidole akaingia ndani kunywa chai.

Saa nne kasoro mpimaji aliingia anakimbia, shati limefunguka, jasho linamtoka kama aliyetoka kuoga. Alikuwa amerudia kipimo mara tatu kwa sababu macho yake yaligoma kukubali. Kule kilimani, ghala la dawa za kuua wadudu wa mashambani lilikuwa limepasuka ukuta, na dawa imechuruzika hadi kwenye tangi. Yale maji yaliyotoka alfajiri yalikuwa na sumu.

"Wachemshe?" kaimu mkuu akauliza.

"Kuchemsha hakusaidii, bosi. Kuchuja hakusaidii. Ni kumwaga tu. Yote."

Bi Chaki akaanza kuhesabu. Nyumba elfu nne zimeteka. Zimengoja siku tano, zimeteka, na ubao, ubao wake, umewaambia ni salama. Sasa awaambie wamwage, na jua hili, na hakuna ajuaye maji mengine yatatoka lini! Nani atakubali? Na asiyekubali, mchana atampikia mwanawe.

Kaimu alikuwa ameshaamua. "Futa ile ya asubuhi," alisema. "Wakiona hapo hapo salama, hapo hapo sumu, watasema hawa hawajui lolote, na watayanywa kwa hasira. Andika jipya, safi, lisiwe na mstari. Nakusaidia na wewe, dada yangu. Ni jina lako litakaloanikwa."

Usimlaani. Alikuwa na hofu, na maneno yake hayakuwa ya kijinga. Na Bi Chaki, nikwambie ukweli wote, alitaka kufuta. Alilowesha kitambaa kwenye ndoo ya ofisi, akatoka nacho nje, akasimama mbele ya ubao. Mpanguso mmoja tu, na yeye angekuwa hajasema kitu. Alinyanyua mkono. Ng'ambo kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, mkasi hewani, anamtazama. Hajui lolote, anamtazama tu kama anavyomtazama kila siku. Bi Chaki hakujiona shujaa. Alijiona mjinga aliyewatia watu sumu kwa uvivu wa dakika tano. Akaangusha kitambaa chini, akachukua chaki, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yake, akaandika jina lake pembeni, na chini yake kwa herufi kubwa:

KARANI ALIKOSEA. MAJI YALIYOTOKA LEO MTAA WA JUU YANA SUMU. MSINYWE, MSIPIKIE, MSIOGE. KUCHEMSHA HAKUSAIDII. MWAGENI YOTE. MENGINE YATATOKA LINI: HATUJUI.

Kinyozi alivuka barabara, taulo begani. Alisoma taratibu, na safari hii hakutumia sauti ya mpira. Mteja wake alimfuata, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Dobi alikuwepo pia, na wauza mboga wawili, na fundi baiskeli. Waliusoma, wakausoma tena. Bi Chaki alitamani watukane.

"Hili la asubuhi uliandika wewe?" dobi akauliza.

"Mimi."

"Na hili?"

"Ni mimi pia."

Dobi alimtazama usoni, akautazama ubao, akamtazama tena. Kisha akageuka akaondoka kwa kasi ambayo usingeitarajia kwa mwili ule. Wengine nao wakatawanyika, simu masikioni. Mteja wa kinyozi alitimua mbio na nusu kichwa chake. Bi Chaki akajua basi, imekwisha, miaka sita yote imekwenda na maji. Alimpigia mama yake. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Akaanza kukimbia.

Kwa nini alikimbia hivyo? Kwa sababu alimjua mama yake. Katika mji ule wote, mtu mmoja hakuwahi kuusogelea ubao hata baada ya sheria mpya, naye ni huyo. Mama hakuamini tangazo la baraza, liwe jema au baya. Zamani, Bi Chaki akiwa na miaka tisa, ubao ulisema maji ya chemchemi ni mazuri, na mdogo wake wa kike aliyanywa, akaharisha siku mbili, akafa. Siku ya tatu mama alikwenda ofisini, anataka kuyaona maneno yale aulize ni nani aliyeyaandika. Alikuta ubao bado unang'aa unyevu. Karani wa wakati huo alimwambia, "Mama, hapa hapakuandikwa kitu." Mama alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo akiambiwa na serikali akae, yeye husimama. Binti yake alipoajiriwa pale, hawakusemezana mwezi mzima. Leo akiambiwa baraza linasema mwageni, atasema wanatumwagisha ili tukanunue ya wakubwa, na atayanywa makusudi mbele ya watu. Hilo ndilo lililompa Bi Chaki miguu.

Alipofika kona ya kuingia mtaa wa juu, alisikia kitu kabla ya kukiona. Alidhani ni mvua. Akatazama juu, mbingu ilikuwa nyeupe, kavu, haina hata wingu la kuombea. Sauti ikazidi. Akakata kona, akasimama kama aliyegonga ukuta.

Walikuwa wanamwaga.

Mlango kwa mlango, pande zote mbili za barabara, hadi juu kule macho yanapokomea, watu walikuwa wanamwaga maji. Mapipa yalilazwa, yakabubujika na kutapika. Madumu yalipinduliwa mawili mawili. Muuza chai alikuwa amebeba sufuria linalofuka moshi, maji aliyokwisha kuyachemsha, akalimimina lote mtaroni na kulitikisa mara mbili. Pale shuleni mwalimu mkuu alifungua bomba la tangi akasimama mbele yake, mikono kaitanua, watoto wasisogee. Mzee mmoja hakuwa na nguvu ya kulaza pipa lake, basi alilitoa kikombe kwa kikombe, kikombe kwa kikombe, hadi kijana wa jirani alipokuja kumsaidia. Na dobi! Dobi alikuwa katikati ya barabara, kilemba kimemlegea, anagonga milango kwa ngumi: "Ubao umesema! Mwaga, wewe, unangoja nini?"

Vumbi la miezi mitano likawa tope, tope likawa kijito, kijito kikashuka mteremko kwa kasi, kikang'aa juani. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alilaza pipa lake la mwisho huku analia machozi, kwa sababu maji ni maji na yeye alikesha kuyangoja. Alilia na akamwaga. Hakuna askari aliyesimama juu yake. Hakuna gari la kipaza sauti. Gari lenyewe lilikuwa gereji tangu lini sijui. Kulikuwa na maneno ya chaki tu, ya mtu aliyekiri saa hiyo hiyo kwamba amekosea.

Bi Chaki aliegemea ukuta. Aliogopa, na haikuwa hofu ya kufukuzwa kazi. Alikuwa ameishi miaka sita akidhani anaandika zamu za maji. Sasa aliona nyumba elfu nne zimenyoosha mkono kwa pamoja na kuachilia kitu walichokihitaji kuliko vyote, kwa sababu tu zimeambiwa, na aliyeambia ni yeye. Mungu wangu, aliwaza, watu hawa wamenipa nini, na mimi nilikuwa nakibeba kama daftari la kawaida! Alitaka kupiga magoti pale topeni, kama si sumu. Akairuka mifereji, akaendelea kupanda.

Nikwambie kabisa usikae roho juu: walioumwa siku ile walikuwa kumi na saba, waliowahi kunywa asubuhi, na wote walitoka hospitali kwa miguu yao. Bi Chaki alipewa barua ya onyo, na alistahili. Lakini hayo yalikuja baadaye. Saa hiyo alikuwa hajui lolote, na mlango wa mama yake ulikuwa umefungwa.

Aliusukuma. Mama alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, mgongo umenyooka, na simu ikilia ndani ambako hakuna aliyeijali. Mapipa mawili yalikuwa yamelala ubavu. Sakafu ya uani ilikuwa imelowa hadi mlangoni.

"Mama! Yale maji—"

"Maji gani tena? Nimeshamwaga."

"Umekunywa?"

"Nilikuwa nimeyateka kikombeni ninywe dawa yangu." Mama alionyesha kikombe kilichopinduliwa juu ya meza. "Jirani kaingia anahema, ubao umesema tumwage. Nikamwambia wewe na ubao wako nendeni zenu, mimi nina kiu. Kasema, lakini mama, asubuhi ubao ulisema salama, na sasa unasema sumu. Nikacheka. Nikamwambia ndio hao hao, nawajua tangu hujazaliwa."

"Halafu?"

Mama alikuwa anaitazama mikono ya binti yake, jinsi ile chaki ilivyochanganyika na jasho ikawa uji.

"Halafu nikamuuliza, lile la asubuhi wamelifuta? Kasema hapana, bado lipo, limepigwa mstari, linasomeka, na jina la mwanao liko pembeni." Mama alikitazama tena kile kikombe. "Nikamwambia arudie. Akarudia. Basi nikakiweka kikombe chini."

Bi Chaki aliketi kwenye sakafu ile ile yenye maji, asijali sumu wala nguo, akaficha uso mapajani mwa mama yake kama mtoto. Alilia kwa sauti. Mama alimwacha alie, akamwondolea unga wa chaki kwenye nywele kidole kwa kidole. Nje bado maji yalikuwa yanashuka.

"Inuka, utajidhuru," mama akasema mwishowe. "Kesho mtatuletea maji?"

"Sijui, Mama. Kwa kweli sijui."

"Basi andika hivyo hivyo," mama akasema. "Nitakuja kusoma mwenyewe."